Mguu wa Tisa

Skana nyingi za redio za miaka ya 1980 na 1990 zina IC (saketi jumuishi) ndogo yenye miguu 16, aghalabu MC3361 ya Motorola au ndugu zake. Mawimbi yaliyonaswa na antena hushushwa hadi 455 kHz, kisha IC hiyo huyageuza kuwa sauti. Sauti hutokea kwenye mguu wa 9, ikiwa bado ghafi.

Kuanzia hapo skana huanza kuipamba. Kapasita hupunguza ukali wa sauti za juu, vichujio hubakiza kile tu kinachohitajika kusikia maneno, skwelchi hukata mvumo, na kikuza sauti huisukuma hadi kwenye spika. Sikio hushukuru. Kompyuta inayotaka kusoma data hukosa nusu ya kile ilichohitaji.

Meli zinaonyesha hasara hiyo vizuri kuliko chochote. Tangu mwisho wa 2004, kila meli ya kimataifa ya tani 300 na zaidi inatakiwa kubeba AIS, mtambo unaotangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake kwenye 161.975 na 162.025 MHz. Meli iliyo safarini hurudia tangazo la mahali ilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Kila tangazo fupi huchukua milisekunde 27 hivi, biti zikitoka kwa kasi ya 9600 kwa sekunde. Anayelisikia kwa sikio huambulia mkwaruzo tu. Na likichukuliwa kwenye tundu la spika za masikioni, njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo huwa imekwisha kuziviringisha kingo za biti, na programu haiambulii hata jina la meli.

Ndiyo maana wapenzi wa redio wa Uingereza, Uholanzi na kwingineko walizifungua skana zao.

Kazi yenyewe ni ndogo, nayo inadai heshima. Betri hutolewa kwanza. Fundi hutafuta alama kwenye kichwa cha IC, huhesabu miguu kinyume cha saa, na kuufikia wa 9, unaotazamana na wa 8. Nafasi kati ya miguu ni finyu, kwa hiyo mwenye busara huufuata mguu huo hadi kwenye kipingamizi cha karibu na kulehemu hapo, penye nafasi ya kutosha kwa ncha ya chuma. Hapo huunga kipingamizi cha kilo-ohm 10, kisha kapasita ya mikrofaradi 1. Kapasita huzuia umeme wa moja kwa moja usivuke kwenda kwenye kompyuta; kipingamizi huhakikisha waya mpya hauinyonyi saketi hadi sauti ya skana yenyewe ikafifia. Waya mwembamba wenye koti la nyuzi hupeleka sauti kwenye jeki ya milimita 3.5, koti likiungwa na ardhi ya saketi.

Tobo la jeki linastahili uangalifu kuliko kulehemu kwenyewe. Bodi huondolewa kwanza, maana chembe moja ya chuma ikidondokea kati ya miguu ya IC inatosha kuiua.

Jaribio la mwisho linafurahisha sana: sauti ya skana inapunguzwa hadi sifuri, skwelchi inafungwa kabisa, spika imenyamaza, lakini kwenye kompyuta mvumo unaendelea bila kukatika. Vitufe vya sauti na skwelchi vimepoteza mamlaka juu ya njia hiyo. Dakika chache baadaye, majina ya meli yanaanza kujipanga kwenye ramani.

AIS hutangazwa ili isikiwe na wote. Mawasiliano mengine sivyo, na sheria ya redio ya Uingereza ya 2006 inakataza kusikiliza ujumbe usiokuhusu, iwe kwa spika au kwa jeki.

Tangu 2012, vijiti vya USB vilivyotengenezwa kupokea televisheni vimekuwa vikinasa meli kwa bei ndogo, bila bisibisi. Skana iliyofungwa jeki bado ina nafasi yake: asubuhi iko 145.500 MHz, wanakoitana wapenzi wa redio wa Uingereza, ikisikilizwa na mtu. Jioni iko 162.025 MHz, ikiilisha kompyuta.