Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali

Pale Dumila, mabasi ya Dodoma yanaposimama na wauza nyanya wakakimbilia madirishani, niliona shati la mtumba limetundikwa. Mgongoni lilikuwa na herufi moja kubwa, 米, na chini yake neno la Kiingereza: RICE. Muuzaji aliniona nimeganda.

"Hiyo Kichina, kaka. Maana yake wali."

Sikubisha. Neno hilo la Kiingereza lilishawahi kututia hasara nyumbani. Mwaka niliomaliza kidato cha sita, mjomba wangu, mkulima wa Magole, alipata mnunuzi mjini aliyemwandikia ujumbe kwa Kiingereza: anataka magunia 20 ya rice. Mtafsiri nilikuwa mimi. Nikamwambia mjomba, "Anataka mpunga." Akapakia magunia 20 ya mpunga, akalipa gari. Mnunuzi alikuwa anataka mchele. Ikabidi tukoboe hukohuko kwa bei ya watu, yakatoka magunia 10 na ushee. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Mpwa wangu, Kiingereza chako hakijakobolewa."

Kwa hiyo nina ugomvi na tafsiri ya lile shati. Haijakosea kabisa, ila imepunja.

Mchina, kama sisi, hana neno moja. Mmea shambani ni 稻, punje zilizokobolewa ni 米, kilichoiva sahanini ni 飯. Mpunga, mchele, wali. Mjapani anatenganisha: ine, kome, meshi. Mkorea naye: byeo, ssal, bap. Mvietinamu: lúa, gạo, cơm. Watu wanaoishi kwa zao hili hawawezi kuliita kwa jina moja tangu shambani hadi mezani, kwa sababu kila hatua ina kazi yake na bei yake.

Tena 米 haikuanza na mchele peke yake. Katika maandishi ya Kichina ya kale, yaliyochongwa kwenye mifupa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ilikuwa mstari wa kulala wenye vidoti vitatu juu na vitatu chini: punje. Mifupa hiyo ilichimbuliwa Anyang, kaskazini mwa China, ambako chakula kikuu cha enzi hizo kilikuwa nafaka ndogo za jamii ya uwele. Mpaka leo nafaka hiyo inaitwa 小米, "mchele mdogo". Mahindi, yaliyofika China baadaye sana, yakaitwa 玉米, "mchele wa johari". Hata karanga zilizomenywa ni 花生米. Kinachounganisha vyote hivi ni ganda lililotoka. Ukitaka kuielewa 米, simama kwenye mashine ya kukoboa, pumba zikirukia huku na punje zikimwagika kule.

Halafu herufi ikasafiri, na kila nchi ikaipika kivyake. Mchina akiandika 100米 uwanjani, anamaanisha mita 100. Ameazima sauti yake, mǐ. Mjapani akiiona kwenye kichwa cha habari, mara nyingi anasoma Marekani, kwa kuwa zamani jina America liliandikwa kwa herufi nne za sauti, 亜米利加, na hiyo ya pili ndiyo iliyobaki kama kifupi. China yenyewe Marekani ni 美国, yenye herufi ya uzuri. Mkorea na Mvietinamu siku hizi huandika kwa herufi nyingine kabisa. Shati lile lingeweza kutoka Osaka kama lingeweza kutoka Guangzhou, na "hiyo Kichina" isingetosha.

Wajapani pia huipasua 米 wakapata 八十八, yaani 88. Ndiyo maana mtu akitimiza miaka 88 husherehekewa kwa jina la herufi hii, na husemwa kwamba mkulima hutoa jasho mara 88 kabla ya punje kuliwa. Ni maelezo matamu, ila si asili yake. Nasi tunalo tamu letu la Bagamoyo na kubwaga moyo. Tuyapende kama hadithi, tusiyauze kama historia.

Kutoka Dumila ukielekea Morogoro unapita Dakawa, ambako Wachina walijenga kituo cha kufundishia kilimo, mpunga ukiwemo. Watu wa lugha mbili zenye mpunga, mchele na wali wanakutana hapo, na mara nyingi anayesimama katikati ni dalali, Kiingereza, mwenye neno moja la kugawia wote. Dalali hafanyi kazi bure. Sisi tulimlipa karibu nusu ya magunia.

Nilinunua lile shati, nikampelekea mjomba. Aliligeuza mgongo, akaitazama herufi kwa muda.

"Safari hii una hakika?"

"Mchele, mjomba. Umeshakobolewa."