Kusikiliza Kabla ya Kulipa

Maikrofoni mpya ya Neumann U 87 Ai inauzwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Shure SM58, ambayo karibu kila mwanamuziki wa jukwaani amewahi kuishika, ni takriban dola 100. Zote mbili zina kazi moja: kupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa umeme. Prodyuza mwenye akiba ya kujinyima miaka miwili ana haki ya kuuliza tofauti hiyo yote ya bei inakwenda kununua nini.

Katalogi haitamjibu, maana kwenye katalogi kila maikrofoni ni nzuri. Jibu linatoka katika kazi moja ya studio isiyosikika kwenye wimbo wowote wala kuandikwa kwenye jalada la albamu yoyote, nayo ni kuzijaribu maikrofoni kadhaa kwa haki kabla fedha haijatoka mfukoni. Wengi huimaliza kazi hiyo kwa nusu saa. Wachache huifanya kwa ustadi, na ustadi wao unastahili kutazamwa taratibu.

Ndani ya kichwa cha maikrofoni ya kondensa kuna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, unene wake ni sehemu chache tu za elfu ya milimita. Utando huo umewambwa mbele ya bamba la chuma lenye matundu. Sauti ikiupiga, unasogea kidogo mno, na volti kati yake na bamba inapanda na kushuka kwa kuufuata mdomo wa mwimbaji. Umeme huo ni dhaifu, hauwezi kusafiri kwenye waya mrefu, kwa hiyo vali au transista iliyomo humohumo huupokea na kuupa nguvu. Mkazo wa utando, matundu ya bamba, wavu wa kichwani, vali, transfoma: kila kimoja kinaacha alama yake kwenye sauti. Hakuna maikrofoni isiyo na tabia.

Tabia hizo zina historia. Mwaka 1949 kampuni ya Georg Neumann ya Berlin ilitoa U 47, iliyotegemea vali ya Telefunken iitwayo VF 14. Vali hiyo ilipoacha kutengenezwa, ilibidi Neumann wabuni upya. Mwaka 1960 ikaja U 67 yenye vali ya EF 86, na mwaka 1967 ikafuata U 87 ya transista. Ni ukoo mmoja, lakini waliozizoea huzitofautisha: U 47 husifiwa kwa kifua, U 67 kwa ulaini wake juu, U 87 kwa kuisogeza sauti mbele ya vyombo. Vienna nako, kampuni ya AKG ilitoa C 12 mwaka 1953, yenye mng'ao ambao watengenezaji wengine wanauiga mpaka leo. C 12 ya enzi hizo iliyo kamili sasa inauzwa bei ya gari. Sehemu ya bei hiyo ni ya sauti, na sehemu ni ya uchache wake na jina lake. Jaribio la haki ndilo linalotenganisha sehemu hizo.

Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya ana studio ndogo Kinondoni, kwenye chumba kilichokuwa cha kulala. Siku ya majaribio huianza kwa kuzima vitu: kiyoyozi, feni, hata friji iliyo nje ya mlango. Halafu huvaa hedifoni, akafungua maikrofoni moja na kukisikiliza chumba kitupu. Anataka kujua bodaboda zinaingilia upande gani, mwangwi unarudi kutoka ukuta upi. Maikrofoni za vali huziwasha mapema zipate joto. Zile alizoazima huwa amezihifadhi kwenye kopo pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kwa sababu hewa ya pwani ni adui wa kondensa. Utando ukishika unyevu, maikrofoni huanza kutoa mikwaruzo, nayo ikihukumiwa siku hiyo itakuwa imeonewa.

Kisha hutoa tepu ya kupimia. Vichwa vya maikrofoni zote huviweka karibukaribu, kwa kimo kimoja, na mdomo wa mwimbaji ukae umbali uleule kutoka kila kimoja, kama sentimita 20 hivi. Asiyeijua kazi huona huko ni kujisumbua. Lakini maikrofoni nyingi zinazosikia upande wa mbele huongeza besi kadiri mdomo unavyozikaribia. Iweke ya bei nafuu kwa sentimita tano na ya ghali kwa thelathini, na ile ya nafuu itasikika nene, yenye mamlaka ya mtangazaji wa redio. Hapo mtu atakuwa amepima umbali akidhani amepima maikrofoni.

Hatua inayofuata ndiyo hurukwa mara nyingi zaidi. Fundi huweka spika ndogo mahali mdomo wa mwimbaji utakapokuwa, akapiga mvumo usiobadilika, akarekebisha kila chaneli mpaka zote zisome kiwango kimoja. Mwimbaji akishaanza, hurudi tena kuvilinganisha viwango kwa sauti yenyewe. Anafanya hivyo kwa kuwa sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana. Likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikizidi kwa desibeli moja tu, mara nyingi haliiambii akili kwamba hii ni kubwa zaidi. Linasema hii ni nzuri zaidi. Kondensa hutoa umeme mwingi kuliko maikrofoni ya dainamiki kama SM58. Ukizichomeka na kusikiliza bila kusawazisha, kondensa imeshinda kabla hajaimba mtu.

Ndipo anaitwa mwimbaji, wala haambiwi ahesabu moja, mbili, tatu. Anaimba wimbo wake mwenyewe, ule anaotaka kuurekodi, na kabla ya hapo anasoma sentensi chache ambazo fundi amezitunga kwa makusudi. Ziko zilizojaa s na sh, kusikia kama maikrofoni inachoma sikio. Ziko zenye p nyingi, na hapo msemaji wa Lamu au Mombasa ni mtihani wa kweli, kwa kuwa p yake yenye mpumuo hutoka na upepo unaougonga utando moja kwa moja. Ziko zenye kh na gh, ambazo mwimbaji wa taarabu hawezi kuzikwepa. Halafu zinakuja irabu. Maneno yetu huishia kwa irabu, na mwimbaji anapotaka kuivuta sauti huivuta pale mwishoni. Kwa hiyo fundi humwomba ashikilie a, kisha i, chini na juu, kwa kunong'ona na kwa nguvu zote. Maikrofoni yenye mng'ao mkali huipamba a ya sauti nzito, lakini hiyohiyo inaweza kuigeuza i ya sauti nyembamba kuwa sindano.

Uhuru huu wa kuchagua ni mpya. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Chumba kilikuwa cha kampuni ya santuri, mitambo ilikuwa ya kampuni hiyo, na wao walikwenda na sauti zao na vyombo vyao. Leo msichana anayeimba Kinondoni anaweza kuwekewa maikrofoni nne mbele yake na kuulizwa anajisikiaje katika kila moja. Fundi huliuliza swali hilo na kulisikiliza jibu, kwa sababu mwimbaji anayejipenda kwenye hedifoni huimba vizuri zaidi, jambo lisiloonekana kwenye chati yoyote.

Rekodi zikishapatikana, fundi hutoka chumbani. Msaidizi wake huzipa majina ya herufi, A, B, C, D, na ufunguo wa herufi hizo huuandika kwenye karatasi anayokaa nayo yeye. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Aliyekwisha kutamani U 87 tangu akiwa shuleni ataisikia ikishinda hata ikiwa haijachomekwa, na aliyeishiwa fedha atagundua ghafla kwamba ya dola 100 haina upungufu wowote. Herufi humkinga fundi na vishawishi vyote viwili.

Hapo ndipo uvumilivu unapoonekana. Fundi husikiliza kidogo, akaandika maneno mafupi: "s inachoma", "kifua kimepotea", "maneno yako wazi". Akiona sikio limechoka, anaacha. Kesho yake anarudi na kusikiliza upya, herufi zikiwa zimechanganywa tena. Akichagua A leo na C kesho, anajua kwamba tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya jana yake na leo yake, na hiyo si tofauti ya kulipiwa maelfu ya dola.

"Kaka, si useme tu ipi kali?" aliwahi kumuuliza kijana mmoja aliyekuja na fedha zake tayari.

"Sijui bado, mdogo wangu. Ngoja tuiweke kwenye biti."

Naye alikuwa sahihi. Sauti ikisikilizwa peke yake huwa na nafasi yote, na maikrofoni yenye besi tamu huvutia kila mtu. Ikiingizwa kwenye mdundo wa Bongo Fleva, chini kuna kiki na besi zinazogombea nafasi ileile, na utamu wote ule unageuka matope. Ile iliyosikika nyembamba jana sasa inapita katikati ya vyombo na kila neno linasikika, hata kwenye spika ya simu, ambako ndiko wasikilizaji wengi watakakousikia wimbo. Kwenye udi na kanuni mambo hugeuka tena, kwa kuwa nyuzi zenyewe zinang'aa na hazihitaji kuongezewa mng'ao.

Mfano mkubwa wa uamuzi wa namna hii unajulikana studio nyingi duniani. Albamu ya Thriller ilipokuwa ikirekodiwa mwaka 1982, fundi Bruce Swedien, mtu aliyekuwa na mkusanyiko wa maikrofoni ambao wengi waliutamani, alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, maikrofoni ya dainamiki. Toleo lake la sasa, SM7B, ni takriban dola 400. Swedien hakukosa uwezo wa kutumia ya ghali. Alizijua zote, na sauti iliyokuwa mbele yake ilipendeza zaidi kwenye ile. Maikrofoni ni kama kanzu, haiwezi kuhukumiwa ikiwa imening'inia dukani.

Marekani na Ulaya kuna maduka yanayokodisha maikrofoni za thamani kwa siku, na wauzaji wengi hutoa muda wa kurudisha. Kwetu, mzigo unaoagizwa ng'ambo huchukua wiki kadhaa, na kuurudisha kunaweza kugharimu kiasi cha kumkatisha mtu tamaa. Kwa hiyo jaribio lazima litangulie oda. Njia iliyozoeleka ni kulipia saa chache kwenye studio iliyo nayo maikrofoni unayoitaka, ukaenda na mwimbaji wako na wimbo wako, ukapima umbali uleule unaotumia nyumbani, kisha ukaondoka na faili ambazo hazijaguswa na kifaa chochote. Chukua na maikrofoni unayoimiliki sasa, ili upate cha kulinganisha nacho. Hiyo husaidia pia dhidi ya bandia. SM58 za kughushi zimeenea masoko mengi duniani, na macho peke yake hayatoshi kuzitambua. Ukiisimamisha halisi kando ya bandia, mara nyingi sikio huzitofautisha.

Kuna jibu moja ambalo fundi mzuri huliweka wazi tangu mwanzo, nalo ni kutonunua. Mara nyingi herufi zote nne hubeba kasoro moja, mwangwi mfupi wa chumba, na hapo chumba ndicho kinachodai fedha. Paneli nene za kumeza sauti kwenye kuta na dari zitaboresha kila maikrofoni itakayoingia humo, ya leo na ya kesho. Wakati mwingine dainamiki hushinda ndani ya chumba cha namna hiyo, na watu husema ni kwa sababu haisikii kelele. Fundi wangu huwasahihisha: inasikia, ila mwimbaji huisogelea mpaka karibu aiguse kwa midomo, na sauti yake ikaufunika mwangwi.

Karatasi ya majina inapofunuliwa mwishoni, wakati mwingine ya ghali ndiyo iliyoshinda, kwa kishindo, na fundi hulipa bila kinyongo kwa kuwa amesikia anacholipia: kimya kati ya maneno, s isiyochoma, i inayobaki laini hata juu. Wakati mwingine ya kati imeshinda na akiba imebaki mkononi. Kwa vyovyote vile, aliyepita njia hii ndefu haendelei kuyakodolea macho matangazo wala kujiuliza kama jirani amenunua bora zaidi. Anaifunga maikrofoni kwenye stendi na kuacha kuifikiria, na kuanzia siku hiyo masikio yake yote yanakuwa kwa mwimbaji.