Chati ya bei ya insulini: tunaisoma nusu

Ukianza tu mjadala wa bei za dawa, lazima mtu arushe ile chati ya taasisi ya RAND: mwaka 2018, kipimo kilekile cha insulini kilikuwa wastani wa dola 98.70 Marekani, dola 12 Kanada, dola 7.52 Uingereza. Namba sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni usomaji.

Hizo ni bei za kiwandani, kabla ya punguzo ambalo kampuni hurudisha kimyakimya kwa madalali wa bima. RAND wenyewe walilisema hilo. Chati ikikatwa na kusambazwa, maelezo yanabaki nyuma. Kwa kawaida bima hailipi bei hiyo kamili. Sasa nani anailipa? Asiye na bima, pamoja na yule ambaye bima yake haianzi kulipa mpaka atoe kwanza mamia au maelfu ya dola mfukoni. Yaani asiye na wa kumpigania bei ndiye anayebebeshwa kubwa. Chati hailionyeshi hilo, na kwangu ni zito kuliko pengo la nchi na nchi.

England, mwenye kisukari anayetumia insulini hachangii kitu dirishani. Marekani, tangu 2023, walio kwenye Medicare wana kikomo cha dola 35 kwa mwezi. Kijana wa miaka 30 asiye na bima? Kikomo hicho hakimhusu.