Miche Iliyokufa Katika Unbowed

Siku hizi kila nikifungua simu kuna mtu ananisimulia alivyobadilika. Aliacha pombe, akaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri, sasa ana gari na mchumba. Naweka "like", narudi kulala. Nilidhani shida ni uvivu wangu mpaka niliporudia Unbowed, tawasifu ya Wangari Maathai iliyotoka 2006. Wengi wetu tunaijua kwa jalada tu: tabasamu, kilemba, Nobel ya 2004.

Huwa inawekwa kwenye rafu ya vitabu vya kutia moyo, na nadhani hapo ndipo tunapoikosea. Kilichonishika safari hii ni kufeli kwake. Kabla ya Green Belt Movement kulikuwa na biashara yake ndogo iliyoitwa Envirocare. Mumewe alikuwa amewaahidi watu kazi kwenye kampeni ya 1974, na Wangari akaamua ahadi hiyo itimizwe: angewalipa waotesha miti. Akaanzisha kitalu Karura. Maji yakasumbua, pesa zikaisha, miche ikafa. Juni 5, 1977, ikapandwa miti saba Kamukunji, na mingi ya hiyo pia haikudumu. Msomi mwenye PhD anakuandikia haya yote bila kuyapaka rangi.

Halafu kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maafisa wa misitu wanaitwa kuwafundisha akina mama wa mashambani kuotesha miche. Wanaanza na mteremko wa ardhi, miale ya jua inakoingilia, kina cha kitalu. Akina mama wanachoka. Si hawa ni watu waliopanda maharagwe maisha yao yote? Wanaachana na masomo hayo, wanaokota mbegu wenyewe, wanazipanda kwenye vyungu vilivyovunjika na kuviinua juu mbuzi na kuku wasifike. Kikundi kikifaulu, kinafundisha cha jirani. Hakuna aliyehitaji kusisimuliwa. Mama mmoja alimwonyesha mwenzake mikono yake ilifanya nini, pamoja na mche uliokauka na sababu yake.

Hii ndiyo tofauti yake na zile shuhuda za simu. Mtu aliyeshafika anakupa mwisho wa safari, na mwisho huwezi kuuiga.

Najua kwa sababu nimefanya hivyo. Nilipoacha kubeti, nilimweleza mdogo wangu, ambaye naye amezama, kana kwamba niliamka siku moja nikafuta programu kwenye simu, basi. Sikumwambia kwamba nilirudi mara tatu, na kwamba mara ya tatu niliweka pesa ya kodi ya nyumba. Nilitaka anione shujaa. Akaniambia, "Poa bro, hongera," na tangu hapo akawa anaikwepa hiyo story.

Simsifu Wangari kwa kila kitu. Sura za mwisho, siasa zinapokolea, zinasomeka kama ripoti ya mradi: mkutano, safari, mkutano. Na kwenye ndoa anafunga mlango. Tunaambiwa jinsi alivyohukumiwa miezi sita kwa kusema kwenye jarida kwamba jaji wa kesi yake ya talaka ama hajui kazi ama amehongwa, na akalala jela siku tatu. Pia tunaambiwa alivyoongeza "a" moja kwenye jina baada ya mumewe kumtaka aliache. Kisa kitamu, lakini ni kisa cha mshindi. Yeye mwenyewe aliteleza wapi ndani ya nyumba ile? Mwanamke aliyetuonyesha kila mche uliomfia hapa anatuonyesha majani mabichi tu. Labda alikuwa na haki ya kujilinda, maana alishatukanwa vya kutosha na wanaume wa nchi hii. Ila kama msomaji nilibaki na njaa.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu nikamwambia kuhusu ile kodi. Alinyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha. Kisha akauliza, "Mara ya tatu ulirudi baada ya siku ngapi?" Nikamwambia kumi na moja. Yeye alikuwa na siku tisa.