"Uzi wa Nyuma": Istilahi Inayopotosha

Katika kufasiri maandishi yahusuyo programu za kompyuta zinazojengwa kwa vitu, mfasiri huvutwa upesi na "uzi wa nyuma" au "uzi wa usuli". Istilahi zote mbili zina kasoro. "Nyuma" huonyesha mahali. "Usuli" ni asili au chanzo. Hakuna inayogusa tabia yenyewe ya uzi huo.

Tabia hiyo ni ipi? Katika Java, lugha iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, programu hukoma mara nyuzi zake zote za kawaida zinapokwisha. Uzi wa aina hii hauizuii kukoma. Hukatwa papo hapo, hata kama kazi yake imefika nusu.

Tumchukue mwanafunzi wa Babati anayeunda programu ya kutunza hesabu za mbaazi ghalani. Akisoma "uzi wa nyuma", aweza kudhani kwamba uzi huo hubaki nyuma kumalizia kazi wenzake wakishaondoka. Ataukabidhi uhifadhi wa hesabu, na magunia ya mwisho ya siku yasionekane katika kumbukumbu. Kosa hilo si lake; ni la mfasiri.

Twapendekeza "uzi tegemezi", kwa kuwa uhai wake hutegemea nyuzi nyingine. Neno hilo si geni kwa walimu: kishazi tegemezi nacho hakisimami peke yake. Mwanafunzi akilielewa, atatambua mwenyewe kwamba kazi isiyopaswa kukatizwa sharti ipewe uzi wa kawaida.