Gitaa la Kopo na Gitaa la Bosco

Siku chache baada ya Pasaka kijana mmoja alikuja na gitaa lake kwenye mazoezi ya kwaya, katika mojawapo ya makanisa madogo tunayoyahudumia upande huu wa Swima. Tusemapo gitaa, au gitari kama wasemavyo wengi huku petu, msomaji asidhani ni chombo kilichonunuliwa dukani Uvira. Lilikuwa kopo la mafuta la lita tano, limelazwa ubavu, na shingo ya mti iliyochongwa na fundi wa mitumbwi. Nyuzi zilikuwa nne tu: mbili za nailoni ya wavuvi, na mbili za waya zilizofumuliwa katika kebo ya breki ya baiskeli. Kijana huyu alizaliwa Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, wazazi wake walipokuwa wakimbizi, na huko ndiko alikojifunza kupiga.

Wazee wa kwaya walimsikiliza dakika mbili, wakamwambia ampishe mpiga ngoma. Sababu walizozitoa ni mbili. Ya kwanza, kwamba gitaa ni chombo cha baa na halina kazi kanisani. Ya pili, kwamba sauti yake ni mbovu. Nasi tulikuwapo, tukanyamaza. Na mtu anyamazaye katika shauri la namna hiyo amekwisha kupiga kura. Tangu siku ile neno lile limetukaa rohoni. Basi leo twataka kulipima sawasawa, sababu moja moja.

Tuanze na sauti. Jirani yetu mmoja mzee, aliyefanya kazi Likasi siku za ujana wake, ana mjukuu mwenye simu, na katika kadi ya simu hiyo mna wimbo uitwao “Masanga”. Tulimwomba atupigie. Huo ni wimbo wa Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya katika Katanga mwaka 1930, akabatizwa kwa jina la Bosco, yule mlezi wa vijana. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja mkusanyaji wa nyimbo, Hugh Tracey, alifika Jadotville, ndio mji uitwao Likasi siku hizi, akamkuta Bosco na gitaa lake, akamnasa katika chombo chake. Sahani ile ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ikaenea toka Katanga hata Nairobi. Mwaka 1969 Bosco alialikwa Marekani kupiga mbele ya umati wa watu katika tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1990.

Tuliusikiliza “Masanga” mara tatu mfululizo, na mara ya tatu ndipo tulipofahamu kitu gani kinatendeka. Mara ya kwanza mtu hudhani wapigaji ni wawili. Lakini ni mmoja, tena anatumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na kidole cha shahada. Gumba latembea chini katika nyuzi nene, kama mtu aendaye shamba bila haraka. Kidole cha shahada chacheza juu, mara chamfuata gumba, mara chamtangulia, mara chapita katikati ya hatua zake. Sikio likijaribu kuhesabu mbili, kidole chahesabu tatu. Likihamia tatu, gumba lairudisha mbili. Tena wimbo haurudi kamwe ulivyokuwa. Kila mzunguko una badiliko dogo: sauti moja imeongezwa, nyingine imeachwa. Wataalamu wamekaa miaka wakiuandika wimbo huu kwa alama za muziki. David Rycroft alichapa uchunguzi wake mwaka 1961 na 1962. Wala wasingejisumbua hivyo kwa kelele za mlevi.

Tena yupo awezaye kuuliza: ufundi huu umetoka wapi, kwa kuwa gitaa lenyewe ni la Wazungu? Mwenye kujua likembe atajibu upesi. Likembe hupigwa kwa gumba, na mara nyingi kidole cha shahada husaidia. Sauti nene na nyembamba hupokezana, kila mkono na njia yake. Mikono ya watu wetu ilikuwa imekwisha kusoma shule hiyo kabla gitaa halijashuka katika meli. Bosco na wenzake wa Katanga, kama Edouard Masengo na Losta Abelo, hawakuiga Wazungu. Walichukua ubao wa kigeni wakaufanya useme lugha ya nyumbani. Nao waliimba Kiswahili. Jambo hili twalisema kwa furaha kidogo, maana magitaa ya Kinshasa yameimba zaidi Kilingala, na vijana wetu wa Fizi siku hizi wadhani kwamba Kiswahili hakifai wimbo wa gitaa.

Hatusemi kwamba ya Kinshasa ni mabaya. Nico Kasanda, aliyezaliwa Mikalayi katika Kasai mwaka 1939, ndiye yule wasikilizaji walimwita Docteur Nico, na gitaa lake la umeme katika “Indépendance Cha Cha” ya mwaka 1960 ni tamu hata leo. Lakini gitaa la umeme lina jaribu lake. Kikuza sauti humfanyia mpigaji kazi ambayo Bosco aliifanya kwa vidole. Vijana tuwasikiao sokoni Baraka wakipiga kwa betri ya gari, wengi wao, wameazima ukubwa wa sauti, ufundi wameuacha. Betri ikiisha, wimbo nao umeisha. Kwa neno hili kopo la yule kijana liko karibu zaidi na Bosco kuliko magitaa yao.

Sasa tulitazame kopo lenyewe. Wapo wacheko, nao wajue ya kwamba Franco Luambo, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938 akaja kuwa mkuu wa OK Jazz, alianza utotoni kwa gitaa la kopo alilojitengenezea, akilipiga sokoni karibu na meza ya mama yake aliyeuza maandazi. Na ipo habari nyingine ipendezayo zaidi. Kampuni ile ile ya Gallo, pamoja na sahani, iliuza magitaa ya bei rahisi yaliyotengenezwa Afrika Kusini, yaitwayo Gallotone. Moja lilifika Uingereza mikononi mwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon, kabla hajajulikana na mtu. Alilipiga tarehe 6 Julai 1957 katika sikukuu ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro, Woolton, na siku hiyo ndipo alipokutana na Paul McCartney, ambaye baadaye waliimba pamoja katika Beatles. Mwaka 1999 gitaa lile liliuzwa mnadani London kwa pauni 155,500. Ndani yake mna karatasi ya kiwanda yenye kuahidi kwamba halitapasuka. Twaona ni ahadi ya kiasi: gitaa lisilopasuka!

Lakini bei haitengenezi sauti. Ni nini basi kiitengenezayo? Yupo fundi wa Hispania, Antonio de Torres, wa Almería, aliyeishi tangu 1817 hata 1892. Ndiye aliyelipa gitaa umbo tulijualo. Mafundi wa wakati wake walibishana: sauti yatoka wapi, mgongoni, mbavuni, ama usoni? Torres hakubishana. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa karatasi ngumu, na uso tu ulikuwa mti mzuri, mwembamba, umetiwa vijiti ndani vilivyotandazwa kama upepeo. Likalia vizuri. Basi jibu ni uso. Uzi ukitikisika huitikisa daraja, daraja huutikisa uso, na uso ndio usukumao hewa iliyo ndani ya sanduku. Uso mnene mno haukubali kutikiswa. Mwembamba mno hubonyea chini ya mvuto wa nyuzi. Hapo kati ndipo penye kazi ya fundi.

Kopo la kijana wetu lilikuwa bati pande zote, hata usoni. Bati hulia kwa ukali, kisha sauti hufa mara moja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, nalo dogo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa, na ndilo lililowachukiza wazee wa kwaya bila wao kulijua. Vyuma vidogo vya shingoni, ambavyo kidole hukandamiza uzi juu yake ili sauti ipande, alikuwa amevipanga kwa macho. Tulimwendea nyumbani tukiwa na rula ya shule. Tangu kiti cha nyuzi cha juu mpaka daraja palikuwa sentimita 63. Chuma cha 12 hapana budi kisimame katikati kabisa, yaani penye sentimita 31 na nusu, kwa kuwa nusu ya uzi hutoa sauti ile ile hatua nane juu. Chake kilisimama penye 34. Hapo hata Bosco mwenyewe angeonekana hajui kupiga.

Kanuni ni ya zamani. Vincenzo Galilei, mpiga kinubi cha shingo wa Italia na baba wa Galileo mwenye elimu ya nyota, aliiandika mwaka 1581. Pima urefu wa uzi, ugawanye kwa 18. Hapo weka chuma cha kwanza. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa 18. Hapo weka cha pili. Na kuendelea hivyo. Kwa uzi wa sentimita 63, chuma cha kwanza ni sentimita 3 na nusu toka juu. Baki ni 59 na nusu, na cha pili chaendelea mbele kwa sentimita 3.3. Mwenye hesabu kali atasema kwamba kwa 18 chuma cha 12 hupungukiwa milimita mbili hivi kabla ya kufika nusu, na kwamba hesabu kamili ni 17.817. Ni kweli, na viwanda hutumia hiyo. Lakini uzi ukikandamizwa huvutika, na sauti yake hupanda kidogo, hata upungufu ule wa 18 hujifunika kwa sehemu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya kazi hii kwa kalamu na karatasi.

Kwa hiyo wazee walisema kweli kuhusu sauti. Walikosa kwa kudhani kwamba ubovu ni wa gitaa, kumbe ulikuwa wa vipimo.

Yabaki lile neno la baa. Hili si la kupuuzwa. Barua ya Roma juu ya muziki mtakatifu, iitwayo Musicam Sacram, ya tarehe 5 Machi 1967, yakataza katika ibada vyombo ambavyo kwa maoni na desturi za watu vyafaa muziki wa kidunia tu. Mzee mmoja alitukumbusha hayo, naye ana haki. Lakini tumwulize: desturi za watu gani, na za lini? Papa Pio wa Kumi mwaka 1903 alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma na vyombo vya makelele. Leo ngoma yapigwa katika makanisa yetu yote, na hakuna anayekumbuka baa aisikiapo. Mtaguso wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali vyombo vingine viingie kwa ruhusa ya wakubwa, mradi vifae au viweze kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu. Viweze kufanywa: maneno haya twaomba yasomwe polepole. Chombo hakizaliwi kitakatifu wala kilevi.

Hatudai kwamba kila gitaa liletwe mbele ya altare. Mpigaji ajionyeshaye, awafanyaye waamini wamtazame yeye wakati wa Komunyo, huyo na arudi barazani, hata akiwa na gitaa la dhahabu. Wala “Masanga” hatuutaki katika Misa. Si kazi yake. Twasema tu kwamba mtindo ule wa gumba na shahada, usio na kelele wala umeme, waweza kuishika mkono zaburi ya kuitikizana kuliko kile kinanda cha umeme ambacho watu wengi wamekichangia fedha, nacho hulala kimya kila mara mvua ikitanda na sola isipate jua.

Tuliwaambia hayo wazee wa kwaya. Wawili walikubali, mmoja bado, na wa nne alisema atasikia kwanza ndipo aseme. Jibu hili lilitupendeza kuliko yote. Padre amesema lijaribiwe katika mazoezi, si katika Misa, kisha ataamua.

Kijana amekwisha kung'oa vyuma vyote na kuvipanga upya kwa rula. Uso wa bati ameukata, akaweka ubao mwembamba wa triplex alioupata kwa seremala, na ndani ametia vijiti vitano vilivyotandazwa. Sauti imekuwa nyingine kabisa. Jirani alikuja kuuliza ni redio gani. Nyuzi sasa ni tano. Wa sita, ule mnene wa chini ambao gumba hutembea juu yake, haukupatikana Uvira wala Baraka, na tumemwagiza mtu aendaye Bukavu.