Kireno cha Maneno na Kireno cha Kalenda

Njia iliyoenea ya kuwafundisha wageni Kireno ni kuwaanzishia maneno ya kila siku, kisha kuwapitisha katika mila na sikukuu za mwaka mzima. Hapana shaka njia hii ina manufaa, kwa kuwa neno lililofungamana na desturi halisahauliki upesi. Lakini kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ina mitego miwili ambayo yampasa mwalimu kuitambua.

Mtego wa kwanza ni ujamaa wa maneno. Mwanafunzi hufurahi akikuta kwamba meza ni "mesa", bendera ni "bandeira", na turufu ya karata ni "trunfo". Furaha hiyo yaweza kumponza. "Igreja", inayotajwa kuwa asili ya gereza, ni kanisa. "Lenço", asili ya leso, ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Vazi liitwalo leso huko Mombasa, Msumbiji huitwa "capulana".

Siku za juma nazo zina hila. Kireno huzihesabu kama Kiswahili, ila chenyewe huanzia Jumapili, nasi twaanzia Jumamosi. Hivyo "segunda-feira", ya pili, ni Jumatatu. Na "quarta-feira", ya nne, ni Jumatano. Hesabu hupatana siku ya Alhamisi, kwa kuwa jina hilo la Kiarabu lina maana ya tano, sawa na "quinta-feira". Somo hili moja lafaa kuliko orodha ndefu ya maneno, kwani humwonyesha mwanafunzi kwamba kila lugha ina mahali pake pa kuanzia kuhesabu.

Mtego wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni kalenda. Masomo mengi hufuata majira ya Ureno: dagaa wakubwa wa kuchoma katika sikukuu ya Mtakatifu Antonio, Lisbon, mwezi Juni, kisha kokwa za "castanha" zilizochomwa na divai mpya tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martino, baridi inapoingia. Desturi hizi ni nzuri, lakini si za kila asemaye Kireno. Msumbiji, ambako Kireno ni lugha rasmi tangu uhuru wa 1975, Novemba ni mwezi wa joto na wa kungojea mvua katika shamba, liitwalo huko "machamba". Huko "castanha" ni korosho, na 25 Desemba ni Siku ya Familia.

Tangu 2019 Kiswahili na Kireno ni lugha rasmi pamoja katika SADC. Yafaa basi mwalimu aziweke kalenda zote mbili mbele ya wanafunzi wake. Ajuaye sikukuu za Lisbon peke yake ataweza kumsalimu Mmakua wa Nampula kwa Kireno fasaha, lakini hatajua mwenzake anavuna nini.